Kibao Chenye Karibu Mbili

Mtoto aliandaa sahani nne mezani, na nyumba ile ilikuwa ya watu watatu.

"Hiyo ya nani?" akauliza mama yake, fundi cherehani.

"Ya mgeni wa baba."

Baba alicheka. Alikuwa mchora njia, mtu wa kujisikia, na kazi yake ilikuwa kuwapangia watalii pa kukanyaga: waizunguke ngome kongwe, washuke msituni, wapite chemchemi, warudi langoni. Njia iligoma kukaa vizuri kwenye ramani mpaka alipobomoa ukuta uliokuwa umeziba handaki la ngome. Mdomoni mwa handaki akasimamisha kibao. Fundi rangi alimuuliza upande wa pili, ule unaotazama ndani, aandike nini.

"Andika hivyohivyo," alijibu, macho kwenye simu.

Basi kibao kikasema KARIBU kwa wanaoingia, na KARIBU kwa chochote kilichokuwa ndani.

Tangu hapo nyumba ikanuka popo na chokaa mbichi. Sahani ya nne ilirudi jikoni imerambwa. Mtoto akakonda huku anakula, na mchana mmoja, mtoto akicheza chini ya cherehani, mama yake alisikia wawili wakicheka pale chini, akainama taratibu huku mguu ukiendelea kukanyaga kwa kuogopa mashine isije ikanyamaza, akamwona binti yake peke yake, mdomo kaufumba, na kicheko bado kinaendelea.

Mganga alipofika hakuvuka kizingiti.

"Nani kamkaribisha?" alinong'ona.

Wakamweleza habari ya kibao. Akashika kichwa.

"Angekuwa mwizi ningemfukuza. Huyu mgeni wa watu, tena kaitwa kwa maandishi! Anaagwa, anasindikizwa mpaka kwenye kibao. Anayemsindikiza asizidi hapo. Iwe leo, la sivyo ataondoka na mtoto."

"Goti langu hili..." mchora njia akaanza.

Mkewe alimtazama. Goti hilo lilikuwa limepanda kilima kizima asubuhi ile.

"Kaa na goti lako, mume wangu. Mshike mtoto tu."

Akasimama mbele ya kiti kitupu. "Haya mgeni wetu, twende nikusindikize." Kiti kikasogea chenyewe.

Alikwenda na simu wazi, na mume, mwoga yule, akasikiliza akiwa kwenye kochi, mtoto kalala mapajani mwake: kokoto zikilia chini ya ndala za mkewe, kisha kokoto nyingine zikilia nyuma yake, kisha ubavuni mwake, na mkewe akinong'ona kwamba kuna kitu cha baridi kimemshika kidole cha mwisho kama mtoto anayevushwa barabara, na kwamba sasa anakiona kibao, amefika, anasema tuagane hapa, na kidole kimeachiwa.

Kochini, mtoto alifumbua macho, akaomba maji.

"Amepona!" baba akapiga kelele. "Rudi, mke wangu, amepona!"

Mkewe alilia kwa furaha. "Narudi. Mwambie mama anarudi."

Ndipo sauti ikatoka handakini, ya upole, ya mwenyeji anayejua adabu.

"Karibu."

Mwanamke yule alilelewa vizuri. Jibu lilimtoka kabla hajawaza.

"Asante."

Ndala zikalia kwenye kokoto, zikafifia, zikaisha.

Jioni mtoto aliandaa sahani mbili.

"Na ya mama?" baba aliuliza.

"Mama yuko ugenini," alisema mtoto. "Hawajamuaga bado."