Mheshimiwa Kostal na Kura ya Daraja

Tangu daraja la Kijito cha Elm lifungwe, Corinne Vrana alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri. Basi la shule lililazimika kuzunguka maili ishirini, naye alilipanda huku akipiga miayo, kipande cha mkate mkononi. Hilo alilizoea. Asilolizoea ni kwamba bibi yake, Bibi Ludmila, aliishi peke yake ng'ambo ya kijito. Majira ya baridi yaliyopita bibi aliteleza akavunjika nyonga, na gari la wagonjwa likazunguka maili hizo hizo ishirini huku yeye amelala kwenye theluji. Corinne aliogopa sana yasije yakatokea tena.

Kwa hiyo mwalimu wao, Bi. Hadley, alipowaambia waandike habari kwa gazeti la mji, Corinne hakusita. Aliandika juu ya Verlyn Kostal, mjumbe wao katika bunge la jimbo la Nebraska, Marekani. "Mheshimiwa Kostal amelipigania daraja letu."

"Hili umelitoa wapi?" Bi. Hadley aliuliza.

"Aliahidi mwenyewe kwamba atalipigania, mwalimu. Mwaka jana, kwenye pankeki."

Darasa likacheka, ingawa kila mtu alijua ni pankeki zipi. Kila masika wazimamoto wa kujitolea huwaandalia watu kifungua kinywa kituoni kwao, na Kostal huvaa aproni akageuza pankeki, zile chapati nene za maji, mpaka adhuhuri. Anamjua kila mtu kwa jina, hata mbwa.

"Kura za wabunge zimeandikwa, na yeyote anaweza kuzisoma," mwalimu alisema. "Kazisome, halafu uniletee sentensi hii tena."

Corinne alizisoma kwenye kompyuta ya maktaba. Mswada wa kutengeneza madaraja ya vijijini ulikuwa umeshindwa kwa tofauti ya kura mbili. Verlyn Kostal: hapana. Mwezi uliofuata ungerudi bungeni. Corinne alisoma mara tatu, akaumia moyoni, maana alimpenda yule mzee.

Nyumbani baba alikunja uso. "Achana nayo, binti. Verlyn alibeba jeneza la babu yako."

"Najua, baba. Lakini nikiandika kwamba alilipigania, mwongo nitakuwa mimi."

Jumamosi foleni ya pankeki ilifika barabarani. Corinne alishika sahani, baba na Bibi Ludmila wakiwa nyuma yake.

"Corinne wangu! Ngapi leo?" Kostal aliuliza.

"Mbili, Mzee Verlyn. Na swali moja. Mbona daraja letu ulilipigia kura ya hapana?"

Pankeki moja ikaungua.

"Ni kweli," Kostal alisema mwishowe. "Mswada ule ulipandisha ushuru wa mafuta. Nilipigiwa simu thelathini na moja kutoka hapa hapa, zote zikiniambia nikatae. Ya kudai daraja haikuja hata moja. Lakini nilipaswa kurudi kuwaambia nilivyopiga kura. Nilikaa kimya, na hilo ni kosa langu."

Corinne alimgeukia baba yake. Masikio ya baba yalikuwa mekundu.

"Simu moja ilikuwa yangu," baba alisema. "Trekta linakunywa mafuta kweli kweli. Sikujua kwamba ushuru ule ndio wa kutengeneza daraja. Wala sikuuliza."

"Kumbe waliolizungusha lile gari la wagonjwa ni nyinyi wenyewe!" Bibi Ludmila alidakia, akigonga fimbo sakafuni. Wengine walicheka, wengine wakatazama sahani zao.

Corinne aliandika yote: kura, simu na sababu. Gazeti likayachapa. Mswada uliporudi bungeni, watu wengi walimpigia Kostal simu, baba akiwa wa kwanza, na safari hii wakisema akubali. Corinne hakungoja kuambiwa matokeo. Alikwenda maktaba akasoma mwenyewe: mswada umepita. Verlyn Kostal, ndiyo.

Mwaka uliofuata daraja lilifunguliwa. Bibi Ludmila alilivuka kwa miguu, fimbo mkono mmoja, Corinne mkono wa pili.

"Mpende Verlyn, na akija mpe chai," bibi alisema. "Ila kura yake isome mwenyewe. Na kabla hujampigia simu kumwambia apige kura vipi, usome na mswada."

"Na baba je, bibi?"

"Huyo nitamsomea mimi."