Maua Kwenye Tuta la Nyanya

Kila asubuhi Bi Somoe wa Temeke hufagia uwanja wake, huchota maji kisimani, kisha hwenda nyuma ya nyumba kumwagilia nyanya. Mboga ya nyumba nzima ilitoka kwenye tuta lile aliloachiwa na mama yake. Lakini asubuhi moja ya mwaka 1954 alikuta nyanya zimelala tena. Ilikuwa mara ya tatu.

"Zimesinzia tu," alisema mumewe, Mzee Mfaume, kikombe cha chai mkononi.

"Zinakufa, baba Zuena."

"Basi zikifa na hizi, pale najenga banda la bata. Bata hawanyauki."

Na bata wawili alikwisha kuwaleta. Walifungwa kamba mguuni, wakilitazama tuta la Bi Somoe kama wapangaji wanaosubiri kuhamia.

Jirani yake, Chausiku, alisema ni kijicho cha watu. Akafunga kitambaa cheusi kwenye kijiti katikati ya tuta. Siku ya pili nyanya zilizidi kunyauka, na kitambaa kiliibwa.

Ndipo akapita Gozbert, Bwana Shamba, kijana wa Bukoba, na baiskeli yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Shamba. Njoo uone msiba wangu."

Gozbert aling'oa mche mmoja. Mizizi ilijaa vinundu kama shanga.

"Kumbe zimezaa karanga," alisema Mzee Mfaume. "Ndiyo maana zimechoka. Zinazaa juu, zinazaa chini."

"Siyo karanga, mzee. Ni uvimbe. Ndani mna minyoo midogo mno, macho hayaioni. Inafyonza mizizi, maji hayapandi. Hata umwagilie pipa zima, jani litalala tu."

"Na kijicho je?" aliuliza Chausiku.

"Hicho sikukisomea, mama. Nimesomea minyoo."

Chausiku akabetua mdomo, akaenda zake. Gozbert akatoa mbegu ndefu nyembamba zilizofungwa katika karatasi. "Hizi ni za maua ya marigoldi. Kwanza ng'oa nyanya zote na mizizi yake, uchome moto. Usitupe pembeni, minyoo itarudi. Kisha panda maua haya tuta zima, yasongamane. Mizizi yake ni sumu kwa minyoo. Kwa miezi mitatu usipande hapo nyanya, bamia wala bilinganya. Halafu yakate, uyachimbie humo humo, ndipo upande nyanya. Bakiza mstari wa maua pembeni."

"Miezi mitatu tutakula maua?" aliuliza Mzee Mfaume.

"Mtakula kisamvu, mzee. Itakayokufa njaa ni minyoo."

Mzee Mfaume aliwatazama bata wake. "Haya. Miezi mitatu. Nyanya zikigoma tena, bata wanahamia."

Bi Somoe akafuata kila neno. Mwezi wa pili tuta zima likawa la manjano. Hapo maneno yakaanza mtaani. Maua ni ya kuvaa kichwani, au ya kutandaza kitanda cha bibi arusi. Nani apande tuta zima mahali pa mboga?

Chausiku akaja, uso umemshuka. "Pole, shoga. Tumesikia Mzee Mfaume anaongeza mke. Na maua umemlimia wewe. Una moyo gani?"

Barazani, Mzee Mfaume aliiweka kofia yake sawa. "Wamesema ni nani?" aliuliza taratibu.

Bi Somoe aliingia tutani. Alichuma ua moja, akampa Chausiku anuse. Chausiku akapiga chafya tatu.

"Bibi arusi atalala juu ya harufu hii?"

"Akilala, asubuhi atarudi kwao."

"Basi na minyoo tunaitaka ifanye vivyo hivyo."

Miezi mitatu ilipotimia, Bi Somoe aliyakata maua, akayachimbia, akapanda nyanya. Safari hii zilisimama. Alipong'oa mche mmoja kuangalia, mizizi ilikuwa myeupe, vinundu viwili vitatu tu. Nyanya zikaiva, nyekundu, mpaka matawi yakaegemea vijiti.

Mzee Mfaume alikula samaki wa nyanya sahani mbili. Akapangusa mdomo. "Sasa bata wangu watakaa wapi?"

"Kando ya baraza yako, baba Zuena. Mzungumze."

Akawajengea pale pale. Chausiku naye akaja kuomba mbegu. Na mbele ya banda Mzee Mfaume mwenyewe amepanda mstari wa marigoldi. Akiulizwa, anasema ni kwa ajili ya minyoo. Lakini akipita mwanamke akiyatazama, kofia bado anaiweka sawa.