Nani Aliimba Katika Sanduku la Octave?

Marguerite alikutwa amekufa Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, barazani kwa karani Octave, pale Kabambare. Alielea chali, tumbo limevimba kama ngoma iliyoanikwa juani. Mwenzake Régina alikuwa hai bado, lakini ngozi ilikuwa inambambuka na miguu inatetemeka. Maji yote yalijaa povu jeupe.

Hawa hawakuwa mabinti wa mtu. Walikuwa vyura wa majini, wenye kucha nyeusi, ambao daktari mmoja Mbeleji aliwatumia kupimia mimba za wanawake. Aliporudi kwao Ulaya, mwaka ule wa 1953, alimwachia Octave vyura wawili pamoja na sanduku lao la kioo. Tangu hapo Octave alifunga kravati hata akienda kuoga mtoni. Kila mgeni aliyepita alihubiriwa: "Chura huyu hana ulimi! Halii ovyo kama vyura vyenu vya pori!"

Asubuhi ile Octave alitazama povu, akasema, "Sabuni." Kisha akamtazama mkewe, Emilienne. "Ni wewe."

Shitaka lilikuwa zito, maana Jumapili, mbele ya watu waliotoka misa, Emilienne alikuwa amesema, "Maji ninayochota mimi, vyura wanaoga kwanza. Chagua, mume wangu: mimi ao vyura."

"Kamio ya Kasongo inapita leo saa tisa," Octave akaamua, akionyesha barabara ya malori. "Funga vitu, urudi kwenu."

Emilienne hakulia. Aliingia chumbani na kitenge kimoja kikubwa, akaanza kufunga.

Hapo ndipo bibi yake, Bibi Léocadie, alipoacha uji wake. Bibi huyu alikuja kutoka Lusangi kusalimu tangu mavuno ya karanga, na alikuwa bado anasalimu.

"Mume wangu," alimwambia Octave, kwa utani wa bibi na mume wa mjukuu, "ukimfukuza huyu, mimi ndiye nitabaki bibi wa nyumba. Meno hapana tena, lakini mapenzi iko mingi."

Octave akasema, "Bibi, hii si mambo ya mchezo."

"Basi nipe mpaka kamio ifike. Na huyu mgonjwa mutie katika maji safi, mbali na povu, kabla hatujafanya matanga mawili."

Octave alipokwenda kutafuta beseni, Bibi alichovya kidole katika povu, akanusa. Sabuni ya Emilienne ni ya mawese, inanuka mawese mpaka barabarani. Hii haikunuka mawese. Akagusisha ncha ya ulimi. Chungu! Ulimi ukafa ganzi, akatema mate kwa dakika nzima, na kwa mara ya kwanza tangu afike, nyumba ilikuwa kimya.

Ulimi ulipofufuka, alivuka njia kwenda kwa Zéphirin, mwindaji, mtu anayekula kila kitu chenye miguu isipokuwa meza. Mwezi uliopita alimwomba Octave vyura wale awachome.

"Zéphirin, umeua mutoto wa watu?"

"Mimi? Bibi, angalia nyama inaoza pale! Mimi ni mwizi wa kupika, siyo wa kutupa." Akajipapasa tumbo. "Tena usiku nilimusikia chura akiimba pale barazani, kruuu, kruuu, sauti nene kama ya padri. Nikasema: leo wamenona. Mate ikanitoka."

"Kuimba? Uliota njaa?"

"Njaa siioti, Bibi. Inanipigia kelele."

Bibi akacheka, lakini akili yake ilibaki kwenye ile kruuu.

Duka la Hemedi, mtu wa Kasongo, liligusana na baraza ya Octave. Hemedi aliuza karanga na chai kwa wanaokuja kuangalia vyura. Bibi alimkuta anajifuta macho kwa kitambaa chenye maji. Yalikuwa mekundu, yamevimba.

"Macho iko na nini, Bwana Hemedi?"

"Vitunguu, Mama. Nilikuwa nakata vitunguu."

Bibi akachungulia nyuma. Meko baridi, ubao mkavu, kitunguu hata ganda hakuna.

"Na karanga? Zinatoka?"

"Wapi! Mwanzo watu walitoka mpaka Salamabila. Sasa wanasema chura asiyelia ni jiwe linaloogelea. Wanaangalia mara moja, wanakwenda zao."

"Pole, mwanangu. Usisugue macho na mukono ule ule."

Saa nane na nusu Bibi aliwaita wote barazani. Emilienne alikalia furushi lake. Octave alikuja shingo wazi kama kuku aliyenyonyolewa, akinung'unika kwamba haoni kravati yake. Ndani ya beseni, Régina alikuwa ameanza kupiga mateke.

"Mume wangu," Bibi alianza, "chura yako iko na ulimi?"

"Bibi, nimesema mara ngapi? Hana. Sauti yake haitoki nje ya maji."

"Basi usiku nani aliimba katika sanduku yako?" Akamwonyesha Zéphirin. "Huyu alisikia. Aliyeimba ni chura mwingine, wa nchi kavu, yule wa mgongo wa vidonda. Akiogopa, anatoa maziwa meupe. Mbwa akimuuma, anatokwa povu. Kumufungia katika maji pamoja na hawa ni kuwapikia sumu. Sasa furahini! Zéphirin amemukamata muuaji, hapa, chini ya mutungi."

"Uongo!" Hemedi akaruka. "Haiwezekani! Nilimurudisha mutoni kabla ya alfajiri, mimi mwenyewe..."

Akajiziba mdomo kwa kitambaa chake. Zéphirin akainua mtungi. Chini yake palikuwa na mende mmoja.

"Wallahi, sikutaka kuua," Hemedi akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka sanduku iimbe usiku, habari itembee, watu warudi. Nilimutia usiku yule wa nchi kavu, lakini aliimba kidogo tu. Nilipomutoa, nikajifuta jasho, macho ikawaka moto. Nilipoona Mama Emilienne anasingiziwa, nikaogopa kusema."

"Aibu yako. Kuanzia leo wageni wakija, utalia wewe," Bibi akahukumu. "Jaribu."

"Kruuu," Hemedi akasema.

"Nene zaidi," Zéphirin akamsahihisha. "Kama padri."

Baraza nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Octave. Honi ya kamio ililia upande wa soko.

"Chura hana ulimi," Bibi alimwambia taratibu, "na hajamufukuza mutu. Wewe unao. Piga magoti, ufungue ulichofungisha."

Octave akapiga magoti mbele ya mkewe. "Nisamehe, Mama Emilienne. Nilikosa." Akafungua furushi. Ndani mlikuwa na viatu vya Octave mwenyewe, shati lake jeupe, wembe wake, na juu ya vyote, kravati. Nguo ya Emilienne haikuwamo hata moja.

"Na vitu vyako?"

"Viko mahali pake," akajibu Emilienne. "Nilijua bila kravati hauwezi kukaa Kabambare siku mbili. Ungenifuata Kasongo kwa miguu."

"Nani anapanda?" dereva akapiga kelele, kamio imesimama mbele ya baraza.

"Hakuna!" Bibi akajibu. "Pita, baba!"

Octave akajifunga kravati palepale, ikakaa upande. Emilienne akainyoosha.