Baba Anasema

Foleni ya chumba cha vidonda ilifika mpaka mlangoni. Fundi cherehani aliingia na tepu yake ya kupimia shingoni, huku binti yake mdogo, aliyeungua mkono kwa pasi, amejibanza nyuma ya koti lake. Tangu mama yake afariki, mtoto huyo hakusema na mtu. Alimnong'oneza baba yake tu, na baba ndiye aliyewaambia watu.

Nesi wa zamu, dada mrefu mwenye sweta ya bluu, hakumvuta mtoto. Alikaa sakafuni, akaiomba tepu kwa fundi na kumpa mtoto.

"Nipime mimi kwanza. Ukimaliza, ndipo nikuguse."

Mtoto akampima vidole, kiwiko, hata pua. Watu wakanung'unika. Nesi wala hakugeuka.

"Na mimi unaniangalia lini?" fundi akatania.

"Kwani unaumwa nini?"

"Moyo. Umeanza sasa hivi."

"Basi panda ghorofani, madaktari wa moyo wako huko."

Lakini alicheka, na kicheko hicho kikamponza. Jioni zake zikawa za dukani kwa fundi, katikati ya vitambaa. Kila akiondoka, nesi alichuchumaa mbele ya mtoto: "Naondoka, mama. Nitarudi Jumamosi." Na alirudi. Mtoto akaanza kumngojea mlangoni, kisha akaanza kumsalimia.

Halafu mama mzazi wa nesi akapooza, huko mbali kwao, hana mwingine wa kumuuguza; ikambidi nesi ahamie huko. Fundi akapiga simu.

"Mpenzi, nenda kimyakimya. Nitamwambia umesafiri kidogo."

"Kama ulivyomwambia kuhusu mama yake? Anamngoja mpaka leo! Mimi sitoroki, fundi."

"Unataka kumliza mwanangu!" Akakata simu.

Hata hivyo siku ya safari alikuja kituoni, kamshika binti mkono. Nesi akachuchumaa kando ya basi.

"Naondoka, mama. Safari hii sitarudi. Hujakosea kitu, na nakupenda."

Mtoto akalia kwa sauti, abiria wakachungulia. Kisha akamgeukia baba yake.

"Na mama?"

Fundi akapiga magoti. "Mama alifariki, mwanangu. Nilikuficha. Nisamehe."

Walilia wamekumbatiana, wote watatu. Dereva akapiga honi. Nesi akapanda, akakaa dirishani.

"Baba, hujamuaga."

Fundi alifungua mdomo, sauti ikagoma.

"Ninong'oneze," mtoto akasema. "Nitamwambia mimi."

Fundi akainama, akamnong'oneza. Basi lilikuwa limeshaanza kuondoka mtoto alipopaza sauti:

"Baba anasema anakupenda! Baba anasema kwaheri!"