Gemu ya Marehemu Kasyoki

Haya yalimpata rafiki yangu Firdaus, fundi wa redio pale Kangundo, mwaka wa 2002. Jirani yake Mbinya alimletea gemu ya mkononi ya marehemu kakake, Kasyoki. Ikichezwa dakika mbili tu, inazima.

"Wacha tu niitupe," Mbinya alisema. "Mafundi watatu wameshindwa."

"Mimi sio hao watatu. Moto wa betri haufiki vizuri, basi."

Akakwangua kutu kwenye vyuma vya betri, akalehemu waya uliolegea, akatia betri mpya. Ikazima tena. Mara mvua ikaanza kupiga mabati. Wakafunga mlango, na stima nayo ikapotea, giza likajaa dukani. Firdaus akazitoa betri zote mbili, akazishika kiganjani ili aanze upya.

Gemu ikalia. Ti, ti, ti. Kioo kikawaka.

Mbinya alitoka mbio mvuani. Firdaus alikataa kuinuka.

"Cheza basi," aliliambia lile giza. "Lakini hapa ni kwangu, na siendi popote."

Mlio ulinyamaza kidogo. Kisha kitufe cha kushoto kikabonyea polepole, kikabaki chini, kama kilichoshikiliwa na kidole.