Wiki ya Kipkurui

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi Rodah alipochukua chupa ya chai kwenda kuomba maji ya moto na maziwa. Majani alikuwa nayo. Alikuja nayo kutoka Litein, yamefungwa kwenye kitambaa, kwa sababu mwanamke aliyechuma chai tangu utotoni hawezi kusafiri hadi kisiwani ili apewe kijifuko chenye uzi, kinachoning'inia kikombeni kama panya aliyeshikwa mkia.

Jikoni alimkuta Adongo, mhudumu wa vyumba, msichana wa Sondu aliyefurahi kusikia lafudhi ya karibu na kwao.

"Mama, nyinyi watu wa Kericho mna shida na chai."

"Shida ni yenu. Hii mnatupa ni maji ya kuoshea sufuria."

Adongo alicheka. "Basi nenda upumzike, nitakuletea maziwa mwenyewe. Si ni chumba cha Bwana Kipkurui?"

Rodah alisita.

"Ndiyo," akasema. "Ni hicho."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kukubali jina hilo kwa sauti.

Kipkurui arap Mosonik alikuwa mdogo wa mume wake. Alifanya kazi bandarini ujana wake wote, hakuoa, hakuzaa, na siku moja alinunua haki ya kukaa katika hoteli hii ya ufukweni wiki moja kila mwaka. Ni wiki ile ile ya Agosti, chumba kile kile cha mwisho, juu, kinachotazama bahari. Wiki nyingine zote chumba hulaliwa na watu wengine, nao kila mmoja ana wiki yake. Nyumbani watu walimcheka. Nani anunue kitanda cha wiki moja?

Lakini alipostaafu akarudi kudai sehemu yake ya shamba, kaka yake, Mathew Kiptanui arap Mosonik, hakucheka. Alikata mti wa tebeswet uliokuwa mpaka wao tangu enzi za baba yao, akamwaga gunia la chumvi kwenye kisiki kisichipue tena, akapanda chai juu ya mpaka. Wazee walipokuja kuamua, Mathew aliuliza: "Mpaka gani? Nionyesheni mti."

Kipkurui hakupigana. Alisimama kwenye lango, akatoa ugoro kwenye kikopo chake cha filamu ya kamera, akavuta, akapiga chafya. Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Nitarudi, Mathew. Na utanibeba mgongoni."

Alifia pwani. Mathew hakutuma gari. Alizikwa huko huko, katika makaburi ya watu wasio na watu.

Sasa Nelvine, mke wa Kipkosgei, mtoto wa Rodah na Mathew, alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Daktari alisema apumzike, akae mbali na mteremko na vikapu vya chai. Ndipo Mathew alipokumbuka ile wiki. "Inalala bure," alisema. Alichukua kadi ya hoteli ya marehemu, yenye picha, iliyoletwa pamoja na vitu vyake. Walifanana ndugu hao kama majani mawili ya kichaka kimoja.

Mapokezi walipouliza, "Bwana Kipkurui arap Mosonik?" Rodah alimsikia mume wake akijibu bila kupepesa:

"Ndiye mimi."

Walipofika chumbani alimwambia, "Baba Kipkosgei, umeitika jina la marehemu."

"Jina halina meno, Rodah."

Rodah aliyajua majina kuliko mtu yeyote kwenye kilima chao. Mtoto akizaliwa kwao, wanawake humzunguka na kuyaita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, naye amepakwa ugoro kidogo puani. Jina atakalolipigia chafya ndilo lililomrudia. Hapo mwitaji husema, "Karibu nyumbani," na mtoto amepata mwenyewe; asiyempata haishi. Kazi ya kuita ilikuwa ya Rodah. Na tangu Kipkurui afe, Mathew alikuwa amemkataza kuliita jina hilo. Kila mtoto alipozaliwa, Rodah alilivuka kama mtu avukaye dimbwi.

Alirudi chumbani. Nelvine alikuwa kwenye roshani, miguu juu ya stuli, akitazama maji. Mathew alikuwa ufukweni. Chumba cha ndani kilikuwa kitupu, kitanda kimetandikwa, taa haijawashwa.

Adongo alibisha, akaingia na jagi la maziwa.

"Bwana Kipkurui yuko?" akauliza.

Ndani, gizani, mtu alipiga chafya.

*Chyaaa!*

Na Rodah, kabla hajafikiri, kabla hajageuka, mdomo wake uliozoea ukasema:

"Karibu nyumbani."

Nje, Nelvine alishtuka akajishika tumbo. "Mama! Amecheza! Amecheza kwa nguvu!"

Adongo aliweka jagi, akatabasamu kuelekea mlango wa ndani. "Pole na mafua, Mzee," akasema, akaenda zake.

Rodah alisukuma mlango.

Hapakuwa na mtu... Palikuwa na harufu tu. Ugoro. Na chini yake harufu nyingine, ya mwani uliooza.

Alipomweleza Mathew, mzee alikasirika. "Ni jirani. Kuta za hapa ni nyembamba. Na wewe usimwambie huyo msichana kitu. Ukimtia hofu akapoteza mimba, hiyo ni juu yako."

Rodah akanyamaza. Lakini angewanyamazisha vipi wengine? Siku nzima jina liliitwa. Bwana Kipkurui, samaki au kuku? Bwana Kipkurui, taulo zako. Bwana Kipkurui, mwaka jana ulikuja peke yako, leo umeleta familia, vizuri sana.

"Mwaka jana?" Rodah aliuliza.

"Ndiyo, Mama," alisema Adongo. "Mimi nilikuwa mgeni, sikumwona vizuri. Anatoka jioni tu. Lakini shuka nilibadilisha mimi. Mchanga, Mama! Ni kama alikuwa anachimba."

Mwaka jana Kipkurui alikuwa tayari chini ya udongo. Rodah alimtazama mume wake. Mathew alikuwa akikata samaki wake vipande vidogo, vidogo mno, bila kula.

Jioni ya mwisho, Rodah na Mathew walipanda kutoka chakulani. Nelvine alikuwa ametangulia, kiuno kilikuwa kinamuuma. Walipofungua mlango walisikia sauti yake kwenye roshani, ya chini, ya heshima, kama anavyoongea na wakwe.

"Lakini huku hakuna baridi, Baba."

Kimya. Kisha kitu kama mnong'ono.

"Sawa," Nelvine akasema. "Tukifika nyumbani nitakufunika."

Rodah alihisi mkono wa Mathew ukimshika kiwiko.

"Nelvine," aliita. "Unaongea na nani?"

"Na Baba. Anasema kwetu kuna baridi, anauliza kama nita..."

Msichana aligeuka. Akamwona Mathew amesimama mlangoni.

Akatazama tena kiti kilichokuwa pembeni yake.

Kiti kilikuwa kinatikisika bado.

Juu ya mkono wa kiti palikuwa na kikopo cheusi cha filamu ya kamera, kifuniko wazi. Mathew alikichukua, akakitupa baharini kwa nguvu zake zote. Walisikia kikianguka majini. Na baada ya hapo, chini kule gizani, karibu kabisa na ukuta, mtu alipiga chafya tena.

Rodah aliziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.

Mtoto alizaliwa Desemba, hospitalini Kapkatet, wa kiume, mzima, mzito. Walimpeleka nyumbani, na wanawake wakaja. Rodah akakaa chini, akampakata, akaanza.

Aliita jina la baba mkwe wake, Mosonik mwenyewe. Kimya. Aliita la babu. Aliita ya wajomba, ya mashangazi, ya wale waliokufa vitani na wale waliokufa kwa moto na kwa pombe. Ugoro uliongezwa. Mtoto alilala tu, macho yamefumbwa nusu, na midomo yake ikaanza kuwa ya zambarau kama jani la chai lililopigwa na baridi.

"Ita upesi, Kogo," mwanamke mmoja akamnong'oneza bibi huyo. "Huyu anaondoka."

"Nimewamaliza."

"Hujawamaliza," akasema mwingine. Wote walijua.

Nelvine alianza kulia. Rodah alitazama mlango. Mathew alikuwa amesimama pale, ambapo mwanamume hapaswi kusimama.

"Hilo hapana," alisema. "Si nyumbani kwangu."

"Mzee, mtoto anakufa."

"Hapana!"

"Basi njoo umshike wewe," Rodah akasema. "Afie mikononi mwako. Yule wa kwanza, ndugu yako, ulimwachia watu wa pwani."

Mathew hakusogea.

Rodah aliinama kwenye sikio la mtoto, akaita polepole, jina zima, kama linavyostahili kuitwa:

"Kipkurui arap Mosonik."

*Chyaaa!*

Haikuwa chafya ya mtoto mchanga. Wanawake hawakupiga vigelegele. Mtoto alifungua macho, akayazungusha juu ya nyuso zote, bila haraka, mpaka akafika mlangoni. Hapo akatulia.

Hakunyonya vizuri, hakulala vizuri, hakutaka mgongo wa mama yake wala wa Rodah. Alilia mpaka akakauka sauti. Aliyenyamazisha kilio hicho ni mmoja tu. Kila jioni watu wa kilima kile walimwona Mathew Kiptanui arap Mosonik, mzee wa kanisa, mwenye fimbo, amefungwa mtoto mgongoni kwa leso kama yaya, akitembea kati ya vichaka vya chai. Vijana wa bodaboda walimpigia honi. "Mzee, umeajiriwa?" Kila jioni, wakifika pale mti ulipokuwa, mtoto alianza kurusha miguu, na Mathew akasimama mpaka aruhusiwe kuondoka. Jino la kwanza lilipotoka, lilitoka mapema, na lilitumika kwanza kwenye bega la Mathew. Rodah aliosha jeraha kwa maji ya chumvi. Hakuhitaji kumkumbusha kwamba jina halina meno.

Na bado, huo ndio uchungu wake, Mathew alimpenda. Alimpenda kuliko alivyopata kumpenda mtu. Alimkatia kucha yeye mwenyewe. Alimwonjea uji kwanza, usimchome.

Kisha Agosti ikaja.

Asubuhi moja mtoto hakuamka. Alikuwa anapumua, ndiyo. Macho yalikuwa wazi kidogo, lakini hapakuwa na mtu ndani yake. Mwili ulikuwa baridi kama chuma cha lango. Kapkatet walimpima kila kitu, hawakuona ugonjwa, wakamwekea maji ya dripu, mwishowe wakawarudisha nyumbani. Rodah alimfuta shingo. Kwenye mkunjo wa ngozi, kitambaa kilitoka na mchanga mweupe.

Kwenye udongo wao mwekundu, mchanga mweupe hautoki popote.

Jioni simu ya Mathew ililia. Aliiweka kwenye spika.

"Mzee, ni Adongo wa hoteli. Samahani kusumbua. Niliona namba hii kwa faili ya Bwana Kipkurui, nikasema labda ni ya nyumbani. Amefika salama kwa wiki yake, lakini hafungui mlango. Namsikia tu ndani. Nauliza kama atakula."

Nelvine alimkumbatia mtoto kifuani.

"Mwambie," Mathew alisema. "Mwambie kaka yake anasema arudi. Shamba lake lipo. Mwambie tafadhali."

Walisikia hatua za Adongo kwenye sakafu ya mbao. Walisikia akibisha. Kisha mawimbi tu.

"Mzee?" Adongo alikuwa akinong'ona sasa. "Anauliza... kama ule mti bado upo."

Mathew alitoka nje kwenye mvua na jembe, mzee wa umri ule, na Rodah akamsikia akiing'oa chai yake mwenyewe, shina kwa shina, akipumua kama ng'ombe mgonjwa. Alikwenda kwa jirani akaomba mche wa tebeswet. Aliupanda pale pale, kwa mikono, kwenye tope, na aliposimama akashindwa kunyoosha mgongo.

Ndani, mtoto alipiga chafya.

Rodah alifungua mdomo. Nelvine alimtazama kwa macho yanayoomba. Kwa hiyo akasema, kwa sababu ya Nelvine tu:

"Karibu nyumbani."

Rangi ilirudi. Mtoto akaomba ziwa.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Siku hizi Mathew amejenga uzio kuzunguka mche ule, imara kuliko zizi la ng'ombe. Anaumwagilia hata mvua ikinyesha. Sokoni Litein watu humsifu kwa kupenda mazingira, naye huitikia kwa kichwa. Mtoto sasa anatembea. Kila jioni huenda na babu yake mpaka kwenye uzio, wanasimama, wanatazama.

Lakini Rodah ndiye aliyeonja udongo. Aliinama siku moja Mathew akiwa kanisani, akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akaweka ulimini. Gunia zima, alikumbuka. Mathew alilimwaga lote.

Bado ni chumvi.

Majani ya juu ya mche yameanza kukauka. Na Julai inaisha.