Jina kwenye Boneti

Guylaine alikwenda pale kutafuta injini, si mwanamume. Ukumbi wa michezo wa mji wa Chicoutimi ulikuwa umefurika watu wa gulio la vipuri Jumamosi ile ya Novemba: wazee wenye kofia za manyoya, meza zilizosheheni kabureta na pistoni za zamani, harufu ya oili imechanganyika na ya kahawa. Alivaa koti jekundu la sufu na viatu vyake vya kazini, maana alitoka moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Wanaume walimtazama wakidhani amepotea njia.

Hakupotea. Alitaka injini ya silinda moja ya pikipiki ya theluji ya mwaka sitini na tisa. Aliiona chini ya meza ya pembeni, akainama aishike, akakuta mkono mwingine umeshatangulia.

“Pole dada, hii nimeshailipia,” alisema mwenye mkono, mwanamume mrefu mwenye mvi masharubuni na ovaroli ya bluu ya mafundi wa mabasi ya mji.

“Umelipia injini. Mwili wa kuitia unao?”

“Sina.”

“Mimi ninao. Chasisi, mkanda wa chini, kiti, na boneti ya njano yenye rangi yake ya kiwandani.”

Macho ya yule bwana yalimetameta. “Hujaigusa?”

“Sijaigusa.”

“Usiiguse kabisa. Boneti iliyokwaruzika unaiacha vilevile na mikwaruzo yake. Ukipitisha msasa, umekwisha. Haya, niuzie huo mwili.”

“Siuzi. Niuzie wewe injini.”

“Siuzi.”

Walitazamana, wakaangua kicheko. Jumamosi iliyofuata Gervais, ndilo lililokuwa jina lake, alifika kwa Guylaine na injini kwenye buti la gari.

Pikipiki ile ilikuwa ya marehemu Clermont, mume wa Guylaine, aliyekata roho mezani miaka mitatu nyuma, kijiko cha supu ya njegere bado mkononi. Aliinunua ikiwa mbovu ili waifufue pamoja. Kabla ya kuifufua alichukua brashi ya jikoni akaandika jina la mkewe kwenye boneti, tena kwa herufi kubwa mno, hata mbili za mwisho zikakosa nafasi na kubanwa pembeni. Guylaine alimwambia Gervais kwamba chombo ni cha marehemu. Kuhusu maandishi hakusema kitu, na Gervais hakuuliza.

Desemba nzima walifanya kazi gereji, mlango umefungwa na jiko la kuni linawaka. Kila mchana Guylaine alimpigia simu Gervais, aliyebaki gereji, kutoka kazini.

“Mgonjwa wetu anaendeleaje?”

“Amekohoa mara mbili, akalala tena.”

“Umempa petroli na oili yake?”

“Nimempa. Wewe je, umekula?”

“Yaani mimi naulizwa baada ya injini?”

“Injini hainuni, mpenzi wangu. Wewe ukichelewa kuulizwa unanuna siku mbili.”

Guylaine alicheka mpaka wenzake wakamgeukia. Alimpenda, na hakujificha tena. Kufika Krismasi Gervais alikuwa na kikombe chake jikoni na soksi zake kwenye kamba ya kuanikia.

Januari Guylaine alikwenda siku nne kwa dada yake, mjini Roberval. Aliporudi alimkuta Gervais gereji, amevaa shati safi, mikono nyuma kama mtu anayengoja kusifiwa. Boneti iling'aa. Jina lake lilikuwa palepale, GUYLAINE, kwa herufi nyeupe zilizonyooka na kutoshana.

“Nani kakutuma ufute?”

“Sijafuta, nimeandika upya. Jina si ni lilelile?”

“Ule ulikuwa mkono wa Clermont.”

Gervais aliitazama boneti. “Ningejuaje? Hukuniambia. Nilidhani kuna mtoto aliichezea.”

“Toka, Gervais.”

Alitoka. Wiki tatu simu haikulia. Guylaine alifua mashuka ya wagonjwa huku akijihukumu: kweli sikumwambia, nimemfukuza mtu kwa kosa langu. Maneno ya Gervais kule ukumbini, kwamba boneti isipitishwe msasa, yalikuwa yamemtoka akilini kabisa. Mimi ninayesimulia nisingeyasahau, lakini mimi sikuwa nikimpenda mtu yule. Mwishowe Guylaine akapiga simu.

“Nilikuonea,” alisema. “Nisamehe.”

Upande wa pili palikuwa kimya hata akadhani simu imekatika.

“Gervais? Barafu ya ghuba ya La Baie imeshika. Jumamosi tukaitembeze pikipiki?”

“Nitakuja,” alijibu kwa sauti ndogo.

Jumamosi ilikuwa na jua kali na baridi ya kukata masikio. Vibanda vya wavuvi vilipangika juu ya barafu, vyekundu na vya kijani, moshi ukipanda. Gervais alivuta kamba ya kuwashia mara tatu, injini ikaitika. Guylaine alishika usukani, yeye akakaa nyuma, mikono kiunoni mwake. Walikata ghuba wakipiga kelele za furaha. Katikati Guylaine alizima injini, akavua kofia, mashavu yamemwiva.

“Jana nilikwenda makaburini,” alisema. “Nilimwambia Clermont kwamba nimekukosea, wewe mtu usiye na hatia. Nikamwomba aniruhusu nikupende.”

Gervais alishuka. Alisimama kwenye theluji, hamtazami.

“Nilijua,” alisema.

“Ulijua nini?”

“Nilijua ni mkono wake, tangu siku ya kwanza. Kila nikifunga nati, jina linanitazama. Wewe ukipita unalipapasa bila kujijua. Nikangoja uondoke.”

Upepo ulipita kati yao. Mbali, watu waliitana kwenye vibanda.

“Ungeniambia tu kwamba linakuuma,” Guylaine alisema. “Ungesema, ‘Mama, siwezi kulala nyumba moja na maandishi haya.’ Ningeshika msasa mwenyewe.”

“Na sasa?”

“Sasa sijui ukinyamaza unanyamazia nini.”

“Guylaine, nakupenda.”

“Najua. Na mimi nakupenda, ndiyo maana nimeumia.” Alivaa kofia yake polepole. “Barafu ikiyeyuka njoo uchukue injini yako.”

“Sitaki injini.”

Guylaine alivuta kamba mwenyewe, mara moja tu, nayo ikawaka vizuri kabisa, kwa sababu fundi wake alikuwa fundi kweli. Aliiacha ghuba nyuma yake na mtu mmoja amesimama katikati. Machozi yalimgandia kopeni, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hayakuwa ya Clermont.